Kumpiga, Siyo Kuwapiga

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Morogoro mbele ya walimu wa Historia na Uraia, wanachuo, na wazee wa mji. Walioshindwa kufika waliomba niyaweke yote, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi vijana mliojibana kule nyuma karibu na mlango, mambo vipi?

Kabla sijaanza, niwaambie lililotokea pale nje. Nilipofika nilimkuta mzee amesimama mbele ya lile bango letu, analisoma taratibu. "Utambulisho... na... diskosi... katika sera ya mambo ya nje." Akarudia toka mwanzo. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, fomu zinachukuliwa wapi?" Nikamuuliza, fomu zipi, baba? Akasema, "Si hapa wanapoandikisha vitambulisho vya taifa?" Akanionyesha bahasha ya kaki. Ndani mna cheti chake cha ubatizo na barua ya mtendaji wa kata, vimekunjwa vizuri. Nikamweleza kuwa shughuli yetu ni nyingine, sisi tuna maneno tu. Akafikiri. "Maneno ni bure?" Nikasema ni bure, na chai ipo. Akaingia. Yuko mstari wa tatu pale. Shikamoo tena, mzee wangu. Ile bahasha yako nimeibeba kichwani, tutaifikia.

Sasa basi. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Kabla ya hapo nilifundisha Uraia sekondari kwa miaka tisa, kwa hiyo nazijua hizo chaki mnazokohoa. Ninachosoma ni namna nchi inavyojitaja, inavyowataja wengine, na kinachotokea baada ya hapo. Kitaalamu tunaita uchanganuzi wa diskosi. Siyo disko. Mama yangu alisikia disko akasikitika sana kwamba nimeacha ajira kwa ajili hiyo.

Diskosi ni nini? Tokeni hapa mpaka stendi. Kando ya barabara yupo mama ana beseni la nyanya. Huyu mama ni nani? Akija afisa wa mikopo, anamwita mjasiriamali. Akija mwanasiasa, hasa mwaka wa kura, anamwita mmachinga wetu, mnyonge wetu. Wakija mgambo asubuhi, anaitwa mvamizi wa hifadhi ya barabara. Mama yuleyule, beseni lilelile, nyanya zilezile. Lakini mjasiriamali anapewa mkopo, mmachinga anatafutiwa eneo, na mvamizi anamwagiwa nyanya. Je, kuna mtu aliyebadilika pale? Hakuna. Limebadilika jina, na jina limekuja na mkono wake.

Mambo ya nje ndivyo yalivyo, ila beseni ni kubwa zaidi.

Wenzangu wengi wanaosoma uhusiano wa kimataifa huanzia kwenye maslahi. Nchi ina maslahi yake, inayajua, inayafuata, basi. Sibishani nao sana. Ninauliza tu swali la nyuma ya hapo. Maslahi ya nani? Watasema ya kwetu. Sawa, na "sisi" ni nani? Mipaka ya hiyo "sisi" iliwekwa lini, na nani, na kwa maneno gani?

Kwa bahati nzuri mmeniita Morogoro. Msingeniita mji mwingine wenye jibu karibu hivi. Jana jioni nilipanda daladala ya Mazimbu, nikashuka, nikatembea mpaka makaburini. Wangapi hapa mmewahi kufika kwenye yale makaburi? Wachache. Walimu, hiyo ni nauli ya daladala tu, wapelekeni wanafunzi. Pale wamelala Waafrika Kusini waliofia ugenini. Unasoma jina, unasoma mwaka, unapiga hesabu ya umri, unanyamaza.

Mnaijua habari yenyewe, kwa hiyo nitapita haraka. Juni 1976 watoto wa Soweto walipigwa risasi, maelfu ya vijana wakakimbia nchi. Tanzania ikawapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, shamba la mkonge lililoachwa hapa Mazimbu, na pakajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Tena miaka kumi nyuma, mwaka 1969, ANC walikuwa wamekuja kufanya mkutano wao mkubwa hapahapa Morogoro. Leo Mazimbu ni kampasi ya Sokoine, vijana wanasomea kilimo na ualimu kwenye majengo yaleyale.

Ninachotaka kuwaonyesha ni jina. Hao vijana walikuwa nani? Pretoria ilikuwa na jibu lake, gaidi. Marekani nayo haikuwa mbali na jibu hilo. Nelson Mandela alikuja kuondolewa kwenye orodha yao ya watu wa kutiliwa shaka kwa ugaidi mwaka 2008, ameshapokea Nobeli, ameshakuwa rais, ameshastaafu. Mashirika ya misaada yalikuwa na jibu la tatu, mkimbizi. Sisi tukasema mpigania uhuru. Na tulipomaliza kusema hivyo tukaongeza neno moja zaidi, zito kuliko yote. Tukasema ndugu.

Gaidi anasakwa. Mkimbizi anapewa turubai na mgao wa unga. Ndugu unampa nini? Unampa shamba. Unampa kambi Kongwa, unampa kambi Nachingwea. Unampa na hati.

Hili la hati nisilipite. Mwanzoni mwa 1962 Mandela alitoroka kwao, akafika Dar es Salaam akaonana na Nyerere. Pasipoti hana. Ili aendelee na safari ya Addis na kwingineko, Tanganyika, nchi yenye uhuru wa mwezi mmoja, ikampa karatasi. Karatasi ile haikuwa na mbwembwe. Ilisema, kwa maana, huyu ni Nelson Mandela, raia wa Afrika Kusini, ana ruhusa ya kutoka Tanganyika na kurudi. Basi! Akapita nayo Afrika. Aliporudi kwao akakamatwa Agosti mwaka huohuo, na moja ya makosa yaliyomfunga miaka mitano lilikuwa nini? Kutoka nchini bila pasipoti. Kwetu karatasi ile ilikuwa kitambulisho, kwao ushahidi wa kosa.

Mzee wangu wa bahasha, unaona kwa nini sikutaka uondoke?

Halafu tusidanganyane kwamba undugu ule ulikuwa wa bei rahisi. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, waliojitangazia uhuru wao peke yao. Mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walikuwa wamekubaliana kwamba Uingereza isipochukua hatua, wote wataivunjia uhusiano. Ilipofika siku yenyewe, waliotimiza hawakufika hata theluthi. Sisi tukatimiza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Niambieni, huo ni ushindi wa maslahi? Ukiuliza maslahi peke yake, Tanzania ya 1965 inaonekana kama mtu aliyechoma godauni lake. Ukiuliza "sisi ni nani", inaeleweka. Nyerere alikuwa ameshasema mwaka 1959, kabla hata ya uhuru, habari ya kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro umulike nje ya mipaka. Usiku wa uhuru mwenge ukapandishwa kweli, askari wetu Nyirenda akausimamisha kileleni. Ukishafanya hivyo mbele ya dunia, unamwambiaje Mzimbabwe kwamba mwenge unaishia Tunduma?

Lakini, na hapa naomba wazee mnivumilie, neno ndugu lina mlango wa nyuma. Anayegawa undugu ndiye anayenyang'anya. Mwaka 1976 baadhi ya wanachama wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, walihoji viongozi wao. Wakaacha kuwa ndugu asubuhi moja. Andreas Shipanga na wenzake wakaletwa toka Zambia wakafungwa kwenye magereza yetu, bila kushtakiwa, mpaka 1978. Ndani ya nchi hii ya mwenge! Sisemi haya kwa kuchafua. Ninasema kwa sababu ukifundisha habari ya Mazimbu ukaiacha hiyo, unakuwa umefundisha wimbo.

Haya, tuvuke twende Kagera.

Nikianza sentensi hii, naomba mnimalizie. "Uwezo wa kumpiga..." [ukumbi: tunao!] "Sababu ya kumpiga..." [tunayo!] "Na nia ya kumpiga..." [tunayo!]

Mnaona? Vijana mliozaliwa juzi nanyi mnaijua. Ni hotuba ya Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yamevuka mpaka, yamekalia eneo lote mpaka mto Kagera, raia wameuawa, ng'ombe wamesombwa, na Amin ametangaza kwamba sehemu ile sasa ni Uganda. Nimeisikiliza hotuba hiyo mara nyingi kuliko ninavyosikiliza nyimbo. Miezi mingi nilikuwa naandika mambo ambayo kila mtu ameshayaandika: uwezo, sababu, nia, mapigo matatu, ufundi wa kuhutubia. Usiku mmoja umeme ukakatika, kompyuta ikazima, nikabaki na sauti ile kwenye simu masikioni, gizani. Ndipo nikasikia herufi moja.

Ku-M-piga.

Walimu wa Kiswahili mko hapa? Mnisaidie. Rais angeweza kusema nini kingine? Angeweza kusema kuipiga, yaani Uganda, nchi. Angeweza kusema kuwapiga, yaani Waganda, watu. Sentensi isingeharibika, makofi yasingepungua. Akasema kumpiga. Mtu mmoja. Na huyo mmoja akapewa jina lake, nduli. Bibi zetu mpaka leo hawasemi Amin, wanasema nduli.

Kwa nini herufi hiyo ina uzito? Kwa sababu Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa na amri moja kubwa, usiingilie mambo ya ndani ya mwenzako. Jeshi linaloipiga Uganda limeivunja amri. Jeshi linalowapiga Waganda limekuwa jeshi la uvamizi kama mengine. Jeshi linalompiga nduli liko kwenye kazi nyingine kabisa. Linaweza kuvuka mpaka likiwa na Waganda wenyewe ndani yake. Na ndivyo ilivyokuwa. Wakimbizi wa Uganda walipigana bega kwa bega na wetu. Machi 1979 vikundi vyao vikaketi Moshi, vikaunda umoja wao wa ukombozi. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka, na watu wakatoka barabarani kuwapokea wanajeshi wetu. Miezi michache baadaye, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi kule Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wakatulaumu hadharani. Hawakuwa wamesikia m. Wao walisikia i.

Sasa msikilizaji makini ataniuliza, herufi ilifika mpaka mstari wa mbele? Swali zuri, na jibu lake silipendi. Februari 1979 mji wa Masaka ulichukuliwa, ukabomolewa vibaya, kwa kulipiza yaliyofanywa Kagera. Nyumba za Masaka hazikuwa nduli. Hotuba inasema m, mzinga hausemi kitu. Ninaandika hilo kwenye tasnifu yangu na kila nikifika hapo kalamu inakuwa nzito.

Kuhusu miaka iliyofuata, mikanda kufungwa, foleni za sabuni, unga wa yanga, hilo wazee wanalijua kwa matumbo yao, sina la kuwafundisha.

Na Kenya? Kidogo tu, maana muda unakimbia. Februari 1977 mpaka wa Namanga ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo, na mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Katika miaka hiyo majirani zetu tuliwaita manyang'au, nchi ya mtu kula mtu. Wao wakatucheka kwamba kwetu mtu hamli mtu kwa sababu hakuna cha kula. Wangapi humu mna shemeji Mkenya? Inueni mikono. Mnaona, manyang'au wamejaa hadi ukweni! Tulihitaji Kenya iwe hivyo ili sisi tuwe wajamaa. Ukitafuta kwenye magazeti ya wakati ule nyang'au anaanza kupungua kadiri ujamaa unavyopungua. Walipungua pamoja.

Sasa nirudi kwetu. Mimi ni mtoto wa Ngara.

Mwishoni mwa Aprili 1994 nilikuwa na miaka saba. Kwetu si mbali na daraja la Rusumo. Katika muda wa siku moja hivi walivuka watu wapatao robo milioni kutoka Rwanda. Mimi sikujua robo milioni ni nini. Nilichojua ni kwamba barabara imegeuka mto wa watu, magodoro kichwani, na hakuna anayepiga kelele. Msichana mmoja wa umri wangu aliingia uani kwetu akaomba maji. Nilimwelewa. Hakuna aliyenifundisha lugha yake. Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha za kisima kimoja. Mama akachota maji kwa kata ileile tunayonywea sisi, akampa. Akatuambia, "Hawa ni wageni." Na kwetu mgeni ana haki zake.

Kambi ya Benaco ikajaa. Miti ikaisha. Kuni zikawa mwendo wa nusu siku. Miongoni mwa wale watu, na hili lazima lisemwe, walikuwamo waliokimbia kuuawa na walikuwamo waliotoka kuua, na neno mkimbizi likawafunika wote kwa turubai moja la buluu. Redio ikaanza kusema mzigo. Mzigo wa wakimbizi. Tishio la usalama. Tarehe 31 Machi 1995 serikali ikafunga mpaka wa Burundi, watu wakiwa njiani wanakuja. Nchi ileile ambayo kiongozi wake alipewa tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa namna alivyowapokea wakimbizi. Mwisho wa 1996 Wanyarwanda wakaamriwa warudi kwao, na jeshi likasimamia.

Sikuisoma sera hiyo. Niliiona uani. Sijui ilikuwa mwezi gani, lakini siku moja niliona kikombe cha bati kimetundikwa kwenye msumari, nje, karibu na mlango wa jiko. Nikamuuliza mama ni cha nani. Akasema, "Cha wale." Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Aliwapa maji mpaka siku ya mwisho. Ila mgeni alikuwa amekuwa wale, na wale wana kikombe chao.

Mnadhani habari inaishia hapo? Nimeshakuwa mtu mzima, mwalimu, ninasafiri na basi kwenda kufundisha. Kwenye kizuizi kimoja barabarani akaingia afisa. Anawapita watu, anawapita, anafika kwangu, ananitazama pua. "Wewe wa wapi?" Ngara. "Ngara ipi? Sema Kiswahili nikusikie." Nikasema Kiswahili. Jamani, mimi ninafundisha Uraia! Nina madaftari sitini ya kusahihisha mapajani, yote yana mada ya haki na wajibu wa raia! Akaniambia nishuke na kitambulisho. Nilikaa chini ya mwembe saa nzima, na abiria wenzangu wakichungulia dirishani, nikayaona macho yao yananihamisha. Nilipanda basi nikiwa mwalimu, nikashushwa nikiwa wale. Na ninyi mnaotoka Kigoma mnaonitazama hivyo, najua mnanielewa.

Ndipo nilipoamua nisomee nini. Neno tulilowatengenezea watu wa ng'ambo ya mto lilikuwa limevuka mto likarudi kunitafuta.

Haki isemwe pia: mwaka 2014 nchi hii ilikamilisha kuwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 waliokuja tangu 1972. Ni wachache duniani waliofanya jambo la ukubwa huo. Kwa hiyo ile kata haikuvunjika, ilihifadhiwa mahali.

Siku hizi lugha yetu ya nje ni nyingine. Sera ya mwaka 2001 ilileta diplomasia ya uchumi, na toleo lake jipya lililozinduliwa Mei 2025 linaendelea hapohapo. Ndugu amepungua, mbia ameongezeka. Wawekezaji, fursa, masoko. Sahara Magharibi, ambayo Moroko inasema ni yake, tuliitambua kama nchi mwaka 1978. Oktoba 2016 Mfalme wa Moroko akaja Dar es Salaam, mikataba ikasainiwa, tukazungumzia uwanja wa mpira Dodoma. Wapo wanaolia kwamba tumeuza urithi. Mimi silii kiasi hicho. Barabara hazijengwi kwa undugu, na nimeshawaambia undugu ule ulikuwa na magereza yake. Ninachosema ni kwamba mbia ni neno lisilotudai. Mbia mkataba ukiisha anakwenda zake. Ndugu mkigombana anakuja msibani. Tunapochagua neno tujue tunachagua nani atakuja msibani.

Na yapo maneno yanayorudi yenyewe. Mwaka 2004 kule Addis Ababa, Joaquim Chissano wa Msumbiji alikuwa anamaliza uenyekiti wa Umoja wa Afrika. Akasimama kuhutubia. Hakuzungumza Kireno, hakuzungumza Kifaransa wala Kiingereza. Alizungumza Kiswahili. Wakalimani wakahangaika, wajumbe wakavaa na kuvua vile vifaa vya masikioni wakidhani vimeharibika. Alijifunza wapi Kiswahili? Kwetu, miaka ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962. Hakuna aliyemtuma. Hapakuwa na mkataba. Baadaye SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wamekipa Kiswahili nafasi mwaka 2019, Umoja wa Afrika mwaka 2022, UNESCO wametupa tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tunashangilia kwa haki kabisa. Lakini mimi nikiulizwa hasa tulivuna nini pale Nachingwea, ninamtaja yule mzee wa Msumbiji na hotuba yake, na wakalimani wakitafuta pa kushika.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Maswali.

Maswali yalikuwa mengi, siwezi kuyaandika yote. La mwisho lilitoka mstari wa tatu. Mzee alisimama, bahasha mkononi.

"Mwanangu, kitabu chako unaandika kwa lugha gani?"

Nikasema Kiingereza, baba.

"Na ndugu umemwandikaje?"

Nikamweleza kwamba Kiingereza kinanilazimisha nichague, wa damu au wa chama, wa kiume au wa kike, kwa hiyo nimemwacha kama alivyo, ndugu, na chini yake nimeweka maelezo ya nusu ukurasa. Akacheka. "Umemvusha kwa kibali."

Ukumbi ukacheka naye. Alisubiri watulie.

"Mimi nilikuwa Masaka. Mgambo, nilichukuliwa kijijini. Hiyo hotuba tuliisikia kwenye redio, tukaambiwa twende tukampige. Umesema kweli, ni kumpiga. Tukatembea. Ila tulipofika, mwanangu, yeye hatukumkuta. Tuliwakuta wao."

Akakaa. Sikuwa na jibu, na sikujaribu kulitafuta. Wakati wa chai alinifuata, akanishika mkono kwa mikono miwili, kisha akauliza tena: zile fomu za vitambulisho, zinachukuliwa wapi?